Oksijeni ishukie njiapanda ya KIA

(Jumamosi niliongea hapa Moshi kwenye ukumbi wa shule moja, mbele ya wazazi, wanafunzi wa fomu tatu na nne, na kina mama wa saluni watatu waliokuja kwa sababu tangazo lilisema nitaongelea dawa ya nywele. Watu wakaniomba niyaandike. Nimeandika kama nilivyosema, pale nilipokohoa na pale kipaza sauti kilipozima nimeruka.)

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Jamani sogeeni mbele, huko nyuma hamtaona povu.

Hiki ni kipande cha kiazi mviringo, nimekinunua asubuhi Kiboriloni, nimekiosha na kukimenya mwenyewe. Na hii chupa ya kahawia ni ya duka la dawa, imeandikwa haidrojeni peroksaidi asilimia 3. Nadondosha matone matatu juu ya kiazi. Mnaona? Povu jeupe, na ukisogeza sikio linachemka chemka kama soda iliyofunguliwa.

Nimemsikia mama mmoja hapo mbele anasema "inaua wadudu." Ndivyo tulivyolelewa wote, ulianguka na baiskeli, unamwagiwa hii kitu gotini, povu likitoka jingi bibi anasema ee kidonda kina uchafu huyu mtoto. Sasa kiazi changu kina uchafu gani? Kiazi kina kimeng'enya kinaitwa katalesi, na damu yako inacho, na kazi yake ni kuikamata peroksaidi na kuivunja fasta ibaki maji na oksijeni. Povu ni oksijeni tu inatoka, haipimi uchafu. Siku hizi hata madaktari hawaipendi sana kwa kidonda cha kawaida maana inaunguza na nyama mpya inayojaribu kupona, maji safi na sabuni yanatosha, lakini hiyo tuiache, sikuja kufundisha udaktari.

Nilichokuja kusema ni kwamba hii kitu tunayoidondosha hapa iko kila mahali na hatuioni. Mama wa saluni, ile krimu unayochanganyia rangi, imeandikwa volyumu 20, ndiyo yenyewe. Volyumu 20 maana yake mililita moja ikivunjika yote inatoa mililita 20 za oksijeni, na hiyo ni kama asilimia 6. Volyumu 10 ni asilimia 3, hii ya chupa. Ya 40 ni asilimia 12, ndiyo ile inayochoma ngozi ya kichwa ukiisahau ukaanza kupiga stori. Pamba ya kitambaa cheupe inang'arishwa nayo viwandani, karatasi nayo hivyo hivyo, yale maboksi ya maziwa yasiyohitaji friji yanaoshwa nayo kabla maziwa hayajaingia, na kwenye mashamba ya maua wanaitumia kusafisha mipira ya umwagiliaji wa matone isizibe kwa ute. Uzuri wake ni kwamba ikimaliza kazi inabaki maji na oksijeni, haiachi harufu kama jiki.

Sasa inatengenezwaje? Mwaka 1818 Mfaransa anaitwa Louis Jacques Thénard ndiye aliyeipata mara ya kwanza, akachanganya peroksaidi ya bariamu na asidi. Lakini ya dukani leo haitoki huko. Karibu yote duniani, zaidi ya asilimia 90, inatoka kwenye njia iliyobuniwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 na Hans Pfleiderer na Georg Riedl pale BASF, kampuni ya kemikali. Kuna molekuli moja kubwa inaitwa anthrakwinoni, wanaiyeyusha kwenye mafuta ya kiwandani, wanaipa haidrojeni kwa msaada wa paladiamu ambayo ni madini ya bei mbaya, halafu wanaipulizia hewa, inaitema ile haidrojeni kwa oksijeni na peroksaidi inazaliwa, wanaikamua kwa maji. Anthrakwinoni inarudi mwanzo, mzunguko unaendelea. Ni akili kubwa sana sisemi uongo, lakini inataka kiwanda kikubwa, na haidrojeni yenyewe kwa kawaida inatoka kwenye gesi asilia. Halafu ikishapatikana wanaichemsha maji yapungue, wanaifikisha asilimia 50, hata 70, ili gari lisibebe maji ya bure.

Na hapo ndipo balaa lilipo. Ikiwa kali hivyo ni hatari. Wazee mtakumbuka ile nyambizi ya Urusi, Kursk, Agosti 2000, watu 118 wakafa wote, chanzo kilikuwa torpido inayoendeshwa kwa peroksaidi kali iliyovuja. Na mimi nina yangu ndogo. Nilikuwa natunza maabara ya shule moja, tukaletewa dumu la lita 5 la asilimia 30. Kifuniko chake kina katundu kadogo juu, kazi yake kupumua, maana hii kitu inajivunja yenyewe pole pole hata ikikaa tu. Kile kifuniko kikapotea. Nikachukua cha dumu la mafuta ya kula, kikaenea vizuri kabisa, nikakaza kwa mkono wote nikajiona mjanja. Wiki ya pili, Jumapili mchana, mlinzi akasikia mlio akadhani ni tairi. Dumu limevimba kama mpira limepasuka ubavuni, kabati limelowa, na yale majalada ya bluu ya madaftari ya fomu mbili yamekuwa meupe vipande vipande kama yana mba. Mkuu wa shule akaniuliza nani alibadilisha kifuniko, nikasema mimi, sikuwa na wa kumsingizia.

Tangu siku hiyo swali likanikaa kichwani. Kwa nini tunaisafirisha hii kitu kutoka huko ng'ambo, imeshuka bandarini, imekaa juani, imepanda lori Chalinze, Segera, Mombo, Same, inajivunja njia nzima, wakati malighafi yake ni maji na oksijeni, vyote tunavyo, na nguvu inayotakiwa ni ya jua ambalo Januari hapa Moshi linatukaanga tu bila faida? Na kumbe kuna watu wanafanya kazi hiyo hiyo: unatumbukiza unga fulani kwenye maji, unaweka juani, hewa inapita, peroksaidi inatokea. Huo unga tunauita kichocheo cha mwanga. Hauishi, hauliwi, unasababisha tu.

Naelezea kwa lugha ya stendi. Oksijeni ni abiria, kapanda Coaster hapa Moshi. Arusha kwenye hadithi yangu ni maji. Nauli ya mpaka Arusha ni elektroni nne, zile chembe ndogo sana za umeme. Akilipa elektroni mbili tu akashuka njiapanda ya KIA, pale pa kuingilia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nusu ya safari, huyo aliyeshuka pale ndiye peroksaidi. Basi. Kazi yote ya hii sayansi ni kumpata konda, yaani kichocheo, anayekubali kumshusha abiria njiapanda ya KIA. Inasikika rahisi, sio rahisi, maana oksijeni anaipenda Arusha, maji ndiyo mahali pa chini kabisa pa kutulia, kila kitu kinamvuta huko. Konda kama platinamu hataki hata kusimama, anadai nauli yote anampeleka moja kwa moja. Dhahabu ana roho ya kushusha njiani, kaboni naye baadhi ya wakati.

Na akishashuka bado hujamaliza. Wakikutana wawili pale njiapanda, na kuna chuma kidogo au manganizi kwenye maji, au jua kali lenye miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, mmoja anampa mwenzake nauli iliyobaki, mwenzake anafika Arusha na yeye aliyetoa anarudi Moshi. Peroksaidi mbili zimekuwa maji na oksijeni. Ndicho kilichotokea kwenye kiazi, ndicho kilichopasua dumu langu. Kwa hiyo ni kama kujaza ndoo iliyotoboka, mwanzoni inapanda vizuri, halafu inafika mahali unachomimina na kinachovuja vinalingana, haipandi tena hata ukae juani wiki.

Elektroni zenyewe zinatoka wapi? Kwenye ule unga. Mwanga ukiupiga unga, elektroni inaruka kutoka mahali pake, na pale ilipotoka panabaki pengo. Nyingi zinarudi nyumbani hapo hapo, mwanga umegeuka joto, umepoteza. Chache zinazowahi kumfikia oksijeni ndizo zinazofanya kazi. Lakini lile pengo ni deni, lazima mtu alilipe, la sivyo unga unakwama. Mlipaji mzuri ni maji, akilipa yeye unapata oksijeni nyingine juu, safi kabisa. Ila maji ni bahili, hatoi elektroni kirahisi. Shikeni hili la deni, nitalirudia, ndilo lililoniumbua.

Unga unaojulikana sana ni taitaniamu dayoksaidi. Wajapani wawili, Fujishima na Honda, mwaka 1972 walionyesha kwamba ukiiangazia ndani ya maji inapasua maji. Mnayo majumbani, ndiyo weupe wa rangi ya ukuta. Ule ukuta wa nje ukiuegemea shati linatoka na unga mweupe, sehemu ya lawama ni yake, jua linaiamsha inakula ile gundi ya rangi iliyoishikilia. Shida yake inaona miale ya urujuanimno tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya nguvu ya jua, mwanga mwingine wote unaipita kama haijaamka. Na peroksaidi ikizaliwa juu yake, yenyewe ndiyo inayoivunja.

Halafu ukaja huu wa njano. Kaboni naitraidi. Kaboni na naitrojeni tu, hamna madini ya bei. Mwaka 2009 kundi la Ujerumani na wenzao wakaonyesha inafanya kazi kwa mwanga tunaouona kwa macho, mwaka 2014 watu wa Chuo Kikuu cha Osaka wakaonyesha inampeleka oksijeni hadi peroksaidi na kumshusha pale pale bila kumpitiliza. Inakula mwanga wa bluu ndio maana ukiitazama ni ya njano. Na vijana, mnajua inatengenezwa na nini? Urea. Ile ile mbolea ya kukuzia mahindi. Unaiweka kwenye kibakuli cha udongo cha maabara chenye kifuniko, tanuru nyuzi 550, saa kadhaa. Tafadhali msiende kujaribu jikoni, inatoa amonia inayokata pumzi, mimi nilifanyia kwenye tanuru la maabara, madirisha wazi na bado macho yalinitoka machozi kama nimekata vitunguu vya kilo mbili. Nikatia gramu 10 za chenga nyeupe, nikatoa unga wa njano hafifu, mwepesi, ukiupulizia unaruka, haujai hata kijiko cha chai. Nilikaa nauangalia kama nimepata dhahabu.

Basi nikaanza. Chupa za maji za plastiki, lita moja moja, unga kidogo kila moja, nikazipanga juu ya bati pale Majengo. Nusu nikatia spiriti kidogo kwa sababu nilisoma kwamba spiriti inasaidia. Jioni napima. Nilikuwa na pamanganeti, ile ya zambarau, ukiitia kwenye maji yenye peroksaidi na asidi kidogo rangi inapotea. Chupa za maji matupu: rangi imebaki. Chupa za spiriti: rangi imefutika kabisa! Nikampigia rafiki yangu, nikamwambia aisee tumetoboa.

Kesho yake nikakumbuka kitu ambacho fomu tatu wanajua. Pamanganeti inafutwa na spiriti yenyewe. Nikachukua spiriti na maji tu, bila unga, bila jua, nikatia pamanganeti, nikasubiri. Dakika chache rangi ikaanza kufifia taratibu mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimepima spiriti yangu mwenyewe siku nzima. Nikabadilisha kipimo, nikatumia iyodaidi ya potasiamu na uji mwepesi wa muhogo, penye peroksaidi panageuka bluu nyeusi, na safari hii nikaweka na chupa moja nimeivisha soksi nyeusi isione jua ili nilinganishe. Za spiriti zikapiga bluu kweli. Za maji matupu, bluu ya kubahatisha, mpaka uweke karatasi nyeupe nyuma. Ya soksi, hamna kitu.

Hapo ndipo deni linarudi. Chupa za spiriti zilifanya vizuri kwa sababu spiriti ndiyo iliyolipa deni la elektroni, inatoa bila kulalamika. Lakini maana yake nini? Nimechoma spiriti kupata peroksaidi. Spiriti ghali, peroksaidi rahisi. Ni kama kuuza ng'ombe ununue maziwa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri hasa nyie mnaopenda kunitumia habari za "wanasayansi wagundua," namba nyingi kubwa kubwa za hii kazi zimepatikana hivyo hivyo, kuna alkoholi humo ndani na oksijeni safi ya mtungi inapulizwa. Siwaiti waongo, wameandika wenyewe, ila anayesambaza haisomi hiyo sehemu. Mimi siku hizi nikiona habari hizo jicho linakwenda moja kwa moja kutafuta nani kalipa deni.

Kosa langu lingine lilikuwa la kijinga zaidi. Nilizijaza chupa mpaka shingoni. Maji ya kawaida yana oksijeni kama miligramu 8 tu kwa lita, na huku kwetu juu ni pungufu kidogo. Hata kama yote ingegeuka peroksaidi bila kupotea hata chembe ningepata miligramu nane na nusu kwa lita. Hii chupa ya duka la dawa ina gramu 30 kwa lita. Gramu! Nilikuwa namdai abiria ambaye hajafika stendi. Nilipoacha chupa nusu ina hewa na kuzitikisa kila nikipita, bluu ikakolea.

Waliokwenda mbali kidogo bila ulaghai wa spiriti ni hao hao wa Osaka, mwaka 2019, kwa kitu ambacho mafundi mbao mngecheka, resini ya risosino na fomaldehaidi, ndugu wa gundi ya mbao na ya kushikisha nyuzi za tairi. Maji, hewa ya oksijeni, na mwanga, basi, na maji ndiyo yanayolipa. Walifikia kama nusu asilimia ya nguvu ya jua kuwa peroksaidi. Mnacheka nusu asilimia. Ngojeni tupige hesabu kwa LUKU, yaani kwa yuniti za umeme. Mita moja ya mraba ya bati hapa siku ya jua zuri inapokea kama yuniti 5. Ukipata asilimia moja tu ni yuniti 0.05, yaani kilojuli 180. Kutengeneza gramu 34 za peroksaidi kutoka maji na oksijeni kunataka kilojuli 117. Kwa hiyo gramu 52 kwa siku. Ni sawa na lita moja na robo tatu ya hii chupa, kwenye mita moja ya bati, kila siku. Kwa nusu asilimia gawanya kwa mbili. Sio mchezo.

Ila, na hii ila ni kubwa, haitoki ikiwa asilimia 3. Inatoka imetawanyika ndani ya maji mengi, mara nyingi mamia ya mara hafifu kuliko ya duka la dawa, na ndoo inavuja kama nilivyosema. Kuikusanya iwe kali unahitaji nishati nyingine, na umerudi kule kule kwa dumu langu. Kwa hiyo maoni yangu mimi, na mtu anaweza kunibishia, tusihangaike kuikoleza. Tuitumie ikiwa hafifu, hapo hapo ilipozaliwa. Mipira ya matone haihitaji asilimia 3. Maji ya rangi ya nguo kabla hujayamwaga mfereji, ukiyatia peroksaidi hafifu na chuma kidogo rangi inakatika, Mwingereza Fenton aliandika habari ya huo mchanganyiko tangu 1894. Mtu wa saluni hawezi kuitumia, mtu wa shamba anaweza.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili.

Mama mmoja wa Maji ya Chai aliyekuja kumtembelea binti yake akauliza, "Mwalimu, hii haiwezi kututolea floraidi? Si unaona meno ya watoto wetu." Nikamwambia hapana mama yangu, na yeyote atakayekuuzia kwa maneno hayo mkimbie. Peroksaidi inakula vitu vinavyoungua, rangi, ute, wadudu. Floraidi haina cha kuungua, inabaki pale pale inakuangalia. Hiyo dawa yake ni mkaa wa mifupa, wale wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameifanyia kazi miaka mingi. Akasema, "Basi niendelee na mkaa wangu." Endelea mama.

Na mama wa saluni akauliza, "Kwa hiyo hii yangu niache kununua?" Usiache. Nunua, angalia tarehe, weka kabatini sio dirishani, na ukiona chupa imevimba usiifungulie usoni. Akauliza tena kwa nini rangi ya mteja wake mmoja ilikataa kushika, nikamwambia peleka tone kwenye kiazi, povu likiwa la kinyonge dawa imeshajivunja, umeuziwa maji. Akachukua kile kiazi changu akaondoka nacho, sijui kama ni kwa ajili ya kupimia au cha kupika.

Nikamalizia hivi: vijana wa fomu nne, chupa mpya kumi na mbili ziko juu ya bati la maabara tangu asubuhi, nusu hewa nusu maji, hamna spiriti hata tone, tatu zimevaa soksi. Tunazishusha saa kumi. Aje na kofia, na asiyeweza kupanda ngazi atashika karatasi nyeupe.